Buti Namba Tano

Huruma, Nairobi
22 Aprili 1984

Ndindi shoga yangu,

Salamu tulipeana msibani, leo nikupe maneno tu. Yamenijaa mpaka kooni na humu ndani sina wa kumwambia ila mama mkwe aliyetoka Mombasa kukaa nami, naye Bi Batulo ukimwambia neno anakujibu kwa uradi.

Leo ni siku ya ishirini na tano tangu Saad aondoke. Alianguka gerejini kwao asubuhi, anapasha gari moto awapeleke Wajerumani Naro Moru, na kabla ya adhuhuri nilikuwa mjane. Hayo unayajua, ulikuja ukanishika mkono. Usiyoyajua ni haya mengine.

Nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi sivuki kizingiti, sijipaki manukato, sivai rangi, na sauti ya mwanamume ikisikika mlangoni naingia chumbani. Sikatai, ni haki ya Saad. Lakini wewe unanijua tangu tukikalia dawati moja Pumwani, mimi ni mtu wa kutoka. Miguu inaniwasha, Ndindi. Nimefagia sebule hii mpaka saruji inang'aa.

Jana alfajiri nilitoka roshani kuanika nguo. Mvua ya mwaka huu imetukataa, hewa kavu, hata moshi wa Mathare ulikuwa haujaamka. Nikauona Mlima Kenya. Kutoka ghorofa ya nne ya Huruma! Mweupe juu, mdogo kama jino la mtoto. Nilisimama na shuka mbichi mkononi mpaka maji yote yakaniishia miguuni.

Kule ndiko Saad alikokuwa akienda miaka tisa, akiwashusha watalii getini na kuwangoja siku nne ndani ya gari. Hakupanda hata mara moja. Kila akirudi ananiambia, "Lela, mwaka huu lazima tupande." Chini ya kitanda kuna sanduku alilokuwa akilijaza vitu alivyoachiwa na watalii. Nimelifungua: sweta nzito, koti la mvua, glavu, soksi za sufi, begi la kulalia, na buti namba tano. Namba yangu. Buti zake sikuziona.

Sasa sikiliza. Shemeji yangu Muhidin ameshaamua. Siku nitakayotoka eda atakuja kutoka Mombasa, fleti irudishwe, kazi yangu ya kupiga chapa niiache, nishuke naye nikakae chumba cha nyuma katika nyumba yao ya Mji wa Kale. Hana ubaya, tena ni mtu wa heshima. Ila hajaniuliza. Na najua nikiingia kile chumba sitoki tena. Nitakuwa mjane wa Saad, wa kuitwa kuchambua mchele wa harusi za wenzangu mpaka meno yanitoke.

Nataka kupanda mlima kwanza. Nikitoka eda tu, kabla sijakabidhiwa kwa mtu. Lakini si kwa Naro Moru, njia ile ina watu kama soko na kila dereva pale ni rafiki wa Saad, watanililia tangu getini. Nataka njia ya kwenu Chogoria, uliyosema mtu anaweza kutembea siku nzima asimwone mtu. Wewe ulishafika kilele cha Lenana, kadi yako ya mwaka 1981 bado iko ukutani kwangu: "Nimefika juu, vidole vimeganda, nakupenda." Nipeleke. Hesabu miezi minne na siku kumi kuanzia 28 Machi, unipangie.

Barua zipitie sanduku la posta la Haidari mwenye duka hapa chini.

Wako asiyetulia,
Lela


Chogoria
3 Mei 1984

Lela wangu,

Barua yako nimeisoma kiwandani, nimesimama kwenye mizani ya majani ya chai. Nilicheka nikalia, wakulima wakaniuliza kama karani amepatwa na jambo. Nikawaambia rafiki yangu wa Nairobi anataka kupanda mlima kama anayekwenda Gikomba kununua kikapu.

Haya, nikwambie. Kutoka hapa mjini mpaka geti la mbuga ni kilomita thelathini za msitu, kisha mianzi, na nyati ndani ya mianzi. Basi halipo. Ukibahatika, lori la mbao litakusogeza. Unalala karibu na geti. Kutoka hapo unapanda kutwa nzima ukingoni mwa bonde refu lenye kina, mpaka kibanda cha Minto, ambacho ni mabati na baridi. Kutoka kwa Minto ndipo unakwenda juu.

Njia ni nzuri, sikatai. Lakini haina watu maana yake ndiyo hiyo, ukiumia hakuna wa kukusikia. Mbona usifikirie Naro Moru? Ni fupi, kuna vibanda vya maana, kuna waokoaji. Unaweza kujifunika kichwa wale madereva wasikujue. Au uje tu kwangu tukae wiki, tutembee msituni, tule viazi. Baba yangu Kitonga angali anachonga vinyago vyake Shauri Moyo, nitamwomba akusindikize mpaka kwenye basi.

Kuna kiongozi mmoja wa mlima hapa, mzee Kithinji. Nitamuuliza.

Kula. Nakujua, ukiwa na mawazo unakunywa chai tu.

Ndindi


Huruma
19 Mei 1984

Ndindi,

Kujifunika kichwa? Nimejifunika kichwa tangu Machi!

Usinipeleke Naro Moru. Nimesema Chogoria. Na nimeanza mazoezi, usicheke. Kutoka mlango wa jikoni mpaka roshani ni hatua kumi na moja. Kwenda na kurudi ishirini na mbili. Kila asubuhi nikimaliza kusali navaa soksi mbili na buti nakwenda mara mia mbili, begi la unga mgongoni. Unga wenyewe ni wa njano, wa msaada, haufai kwa ugali lakini uzito unao.

Wiki iliyopita Mama Waringa wa ghorofa ya tatu alipanda na gauni la kulalia, macho yamemtoka. "Wewe Lela! Kwani nani ako huko kwako na mabuti? Nimeficha watoto chini ya kitanda!" Maskini, nilisahau. Tangu ile Agosti ya mwaka juzi, wanajeshi walipojaribu mapinduzi, mtu wa Huruma akisikia buti juu ya dari moyo unamruka. Nilimwonyesha miguu yangu. Akakaa chini akacheka mpaka Bi Batulo akatoka na tasbihi kutazama kuna nini. Sasa wamekuwa marafiki, wanakunywa chai pamoja, mmoja anataja Mungu kwa Kikuyu na mwingine kwa Kiarabu.

Bi Batulo ameziona buti. Akaendelea na uradi wake.

Nina jambo linalonila. Saad alisema "tupande", sisi wawili. Zangu ziko, koti langu liko, glavu zangu ziko. Zake ziko wapi? Nimepekua kabati, nimepekua hata juu ya tangi la maji. Muhidin alikuja siku ya mazishi akaondoka na begi la nguo za marehemu za kugawa sadaka. Nadhani amezichukua. Sitaki kumshuku mtu, lakini nimeshamshuku, nifanyeje?

Niambie kwa urefu kuhusu kipande cha kutoka kwa Minto mpaka juu. Ni saa ngapi? Ni mawe au ni mchanga? Ulishika nini ulipokuwa unatetemeka? Kila nikilala najaribu kukiona na sikioni, na wewe umekipita kwa neno moja tu.

Lela


Chogoria
4 Juni 1984

Lela wangu,

Samahani kuchelewa. Majani ya chai ni machache kwa ukame huu, lakini maneno ya wakulima ni mengi.

Kipande cha juu ni mawe, na mchanga, na barafu pengine. Saa ni kadiri ya mtu. Siku nyingi zimepita, sikumbuki sana.

Nimefikiri. Mbona tusingoje mwakani Februari? Kuna jua safi mwezi huo. Sasa hivi mwili wako umechoka na msiba, utatoka kwenye eda ya kukaa ndani uende moja kwa moja kwenye baridi ile, si mchezo. Mlima hauendi popote. Hata Mombasa, labda si vibaya upumzike kidogo kule, bahari iko, wifi zako wapo, kisha Februari upande kuja kwangu.

Kuhusu buti za Saad, usimshuku Muhidin. Achana na hilo.

Mwezi wa Ramadhani uwe na heri kwenu.

Ndindi


Huruma
17 Juni 1984

Ndindi,

Nimefunga, na swaumu inanikataza kusema ninayotaka kukwambia, basi nitayaandika.

Muhidin amekuandikia. Usikatae. Barua yako ya kwanza ulinitaka Naro Moru, ya pili unanitaka Februari, sasa unanipeleka mwenyewe mpaka Mombasa na wifi zangu! Na umejuaje nisimshuku? Nimekuuliza habari ya mawe unanijibu kama anayeulizwa na polisi.

Februari haipo kwangu. Fleti itakuwa na mtu mwingine, mashine yangu ya chapa itakuwa na msichana mwingine. Nikishashuka Mombasa nitakuwa nikiomba ruhusa ya kwenda sokoni. Nina siku zile chache tu, kati ya kuoga eda na kupanda treni. Unalijua hilo na bado unanizungusha.

Nimekuwa nikizunguka chumba hiki mpaka nikifumba macho naona mlango. Silali. Nilidhani angalau mtu mmoja duniani hanionei huruma.

Sema kweli. Hutaki kunipeleka, sema.

Lela


Chogoria
27 Juni 1984

Lela,

Muhidin hajaniandikia. Siujui hata mwandiko wake. Aliyeniandikia ni Saad.

Nianze na langu. Sikufika Lenana. Nilifika kwa Minto, kichwa kikaniuma kama kinapasuliwa, nikatapika mpaka nyongo, na Kithinji akanishusha amenishika kwapa. Ile kadi niliinunua hapa mjini na kuiandika kabla sijapanda, nikijua nitakuwa nimechoka kuandika nikirudi. Niliposhuka nilipita nayo posta, nikashindwa kuichana, nikaituma. Ulifurahi mno. Ukamwambia kila mtu Huruma. Miaka mitatu nimekuwa shujaa wa ukuta wako.

Saad aliamini kama ulivyoamini. Ndiyo maana Januari aliniandikia barua ninayoitia humu. Isome kwanza.

Umeisoma? Sikumjibu. Kumwambia ndiyo, nitampeleka, ilikuwa uongo. Kumwambia sikufika, niliona haya. Na ile siri ya presha ilinikalia, nikasema wiki ijayo nitamwandikia Lela, liwalo na liwe. Wiki ijayo, wiki ijayo. Machi ikafika. Nilikuja msibani nikakushika mkono, ukaniuliza, "Alikuwa mzima, si alikuwa mzima?" Nikakwambia ndiyo.

Hilo ndilo linalonifanya nikuzungushe. Kila ukiniandikia "nipeleke" naona mwandiko wa Saad.

Nimezungumza na Kithinji. Nimehesabu kwenye kalenda ya kiwandani, miezi minne ni 28 Julai, na siku kumi ni 7 Agosti. Yuko tayari Jumatano tarehe 8. Kama hutaki kuniona, nenda naye peke yako na mke wake, ni watu wazuri. Kama utakubali, nitakwenda nawe mpaka pale mwili utakaponikatalia.

Nisamehe au usinisamehe, lakini nijibu.

Ndindi


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Nairobi
15 Januari 1984

Kwa dada Ndindi,

Salamu kutoka kwa dereva wa Lela. Usishtuke kuona mwandiko wangu, nyumbani hakuna baya.

Nina ombi. Ulipanda mlima ukafika juu, na mke wangu tangu siku hiyo hana habari nyingine. Nilimwahidi nitampeleka. Sasa daktari amenipima presha mara tatu, amesema nisahau mlima kabisa na nipunguze chumvi. Chumvi nimepunguza, nikamwambia Lela ulimi wangu umebadilika siku hizi, akaninunia siku mbili akidhani nimekitia ila chakula chake.

Sanduku lake liko tayari. Buti nilimwomba mama mmoja Mwingereza aliyekuwa na mguu kama wake, alicheka akanivulia palepale. Nimebakiza kofia tu. Mpeleke Agosti kwa njia yenu, hiyo isiyo na watu. Mimi nitawaleta kwa gari na kuwangoja getini, ndiyo kazi ninayoiweza.

Habari ya daktari usimwambie. Akijua hatapanda, atabaki kunipimia chumvi. Nitamwambia mwenyewe akishashuka, akiwa na furaha.

Nangoja jibu lako.

Saad


Huruma
21 Julai 1984

Kwa binti yangu Ndindi,

Mimi ni Batulo, mama yake Saad. Anayeniandikia ni Mama Waringa wa ghorofa ya tatu, kwa kuwa mimi naandika kwa herufi za Kiarabu na wewe hutazisoma. Makosa ni yake, maneno ni yangu.

Barua yako ilifika wiki ya Idd. Lela aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, akazitia buti sandukuni. Tangu hapo hatembei wala hasemi. Anakaa roshani akitazama upande wa mlima, na mlima haupo siku hizi, kuna mawingu. Barua yenu aliiacha mezani, nami nikamwomba Mama Waringa anisomee. Si adabu, najua. Mtu akinyamaza wiki mbili nyumbani mwenu, adabu inangoja.

Niliposikia barua ya mwanangu nililia. Kisha nikaona jambo la hatari, ndilo linalonifanya nikuandikie.

Wewe umehesabu kwa kalenda ya kiwanda. Eda haihesabiwi hivyo, binti yangu, inahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni. Saad alikufa mwezi ishirini na tano Mfunguo Tisa. Pita Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi, miezi minne imetimia. Ongeza siku kumi. Haidari amenitazamia, inaangukia Ijumaa tarehe tatu Agosti, si tarehe saba. Muhidin anafika Ijumaa hiyo hiyo, na tiketi zetu za treni ni za Jumamosi jioni. Hiyo tarehe nane yako ikifika, Lela atakuwa na siku ya nne Mombasa. Yeye angekusahihisha, lakini amekasirika na hasemi, na hasira yake itampeleka mahali asipotaka kwenda.

Mimi si mtu wa milima. Wala sijui kama ni sawa mwanamke kulala huko. Nimeuliza kama kuna mwanamke mwenzake, nikaambiwa ni wewe na mke wa mzee. Basi.

Nilikaa eda nina miaka ishirini na sita, Saad yuko mgongoni. Baba yake alikwenda hivyo hivyo, ghafla. Nilipotoka walinipeleka kile chumba cha nyuma wanachomtayarishia Lela. Si kibaya, kina feni sasa. Nina mwaka wa thelathini na moja ndani yake. Hakuna aliyeniuliza.

Na presha ya Saad niliijua. Alinikataza kusema, nami nikamtii mtoto niliyemzaa mwenyewe. Jana nilimwambia Lela. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo nyote mlijua ila mimi." Akafunga mlango. Leo asubuhi nimesikia buti tena, hatua kumi na moja, hatua kumi na moja. Amezipiga kwa hasira, Mama Waringa anasema dari lake limeshuka vumbi. Mimi nimefurahi.

Fanya unaloweza, na ulifanye upesi.

Batulo binti Haji


TELEGRAMU
Chogoria, 27 Julai 1984

LELA KWA HAIDARI HURUMA. KITHINJI TAYARI JUMAPILI TANO AGOSTI. JUMAMOSI NIKO STEJI CHOGORIA NANGOJA KILA BASI. USIPOKUJA SITAULIZA KWA NINI. NDINDI


Huruma
Jumamosi, 4 Agosti 1984, asubuhi

Shemeji Muhidin,

Assalaam alaykum. Ukiamka kwa Haidari na kupanda huku utaikuta barua hii chini ya birika, na chai imo. Sikutoroka. Nimeaga mama, nimetoka kwa mlango, nimeteremka ngazi zote nne na majirani wananiona. Mama Waringa alinisindikiza mpaka barabarani kwa vigelegele, nikamsihi anyamaze, hakunyamaza.

Kwanza unisamehe. Miezi hii yote nilikudhania umechukua buti za marehemu. Hazikuwahi kuwapo. Mama atakueleza.

Sisemi sitakuja Mombasa. Ninasema hamkuniuliza, na ungeniuliza leo nisingekuwa na jibu. Nimeandika barua kwa wenye fleti, ibaki kwa jina langu. Kazini wananingoja tarehe ishirini. Nikishuka mlimani nitakupigia simu dukani kwako nikwambie nimeamua nini, nawe utanisikiliza kama ulivyokuwa ukimsikiliza ndugu yako.

Mama anasema mguu unamuuma hawezi treni. Usimbishie.

Shemeji yako,
Lela


Chogoria
Ijumaa, 10 Agosti 1984

Mama yangu Batulo,

Shikamoo. Namwomba Mama Waringa akusomee polepole, asirukeruke.

Tumeshuka jana, mimi, Ndindi, Kithinji na mkewe. Sote tu wazima. Midomo yangu imebabuka kwa jua na baridi, kisigino cha kushoto kina lengelenge moja tu.

Tulikuwa hatusemezani, mimi na Ndindi, mpaka mianzi ilipokwisha. Nilishuka basi Jumamosi nikamkuta steji amekaa juu ya gunia, ana uso wa mtu aliyengoja tangu asubuhi. Nikamwambia, "Hujambo." Akasema, "Sijambo." Basi. Siku mbili, habari za kuni na chumvi tu. Getini, penye vibanda, akanipa barua uliyomwandikia. Niliisoma nimekaa juu ya jiwe. Kile kipande cha chumba cha nyuma nilikisoma mara nyingi kuliko vyote.

Jumanne tulipanda kwa Minto. Mama, sijui nikwambieje. Bonde liko mkono wako wa kushoto na ndani yake chini kabisa kuna ziwa, na hakuna mtu. Si kidogo, hakuna kabisa. Nilitembea, nikatembea, na hapakuwa na ukuta wa kunigeuza. Nilisahau kuhesabu. Nilimlilia Saad kwa sauti kubwa kule, nikamtukana pia kwa ajili ya chumvi yake, na Kithinji akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumatano asubuhi jua lilipotoka tulikuwa tumefunga mizigo tayari kwenda juu. Lenana iko pale pale, unaiona, saa chache tu. Buti nimezikaza. Ndindi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda anatabasamu. Nikamwuliza, "U tayari?" Nikaona anataka kusema ndiyo. Nilimwona kabisa, mdomo umeshafunguka. Kisha akasema, "Lela, naumwa. Tangu jana naumwa. Kichwa, na kifua sasa, sipati pumzi vizuri."

Kithinji alimsikiliza mgongoni akasema huyu ashuke sasa hivi, si kesho. Akaniambia, "Mke wangu atamshusha, wewe na mimi tupande, turudi kabla ya jioni, umetoka mbali."

Nikageuka palepale, mama. Sikufikiri. Nilimshika Ndindi kwapa upande mmoja, mke wa Kithinji upande wa pili, tukashuka. Huko chini, tulipoyapita magugu ya mlimani marefu kuliko mtu, pumzi ilipomrudia akaanza kulia kwamba ameniharibia mlima mara mbili. Nikamwambia anyamaze. Tangu niisome barua ya Saad nimekuwa nikijiuliza ningefanya nini kama mtu angeniambia mapema. Sasa najua ningefanya nini. Ningemshika nikamshusha. Saad hakunipa nafasi hiyo, na Ndindi amenipa, na nimemsamehe, hata ile kadi nitaiacha ukutani.

Juu sijafika. Buti nimeziacha chini ya kitanda cha Ndindi, Kithinji amesema Februari.

Muhidin nimempigia simu jana jioni kutoka posta. Nimemwambia nitakuja Mombasa Idd Kubwa kuwasalimu nyote, kisha nitarudi Huruma kazini. Yeye akauliza kama nina koti, maana amesikia kuna baridi huko.

Sasa nina swali kwako, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja niseme nikifika. Nilitaka uwe na siku mbili za kufikiri bila mimi kukukodolea macho.

Chumba cha mbele ni kikubwa, na ndicho chenye roshani. Mimi kile cha kando kinanitosha. Ngazi ni nyingi, najua, na maji hupotea kila Jumatatu, na hakuna feni. Mama, ungependa kukaa na mimi Huruma, au ungependa kurudi Mombasa? Jibu lolote utakalotoa nitalifuata, na ukitaka kurudi nitakusindikiza mpaka mlangoni.

Nakuuliza.

Mwanao,
Lela